Figo Linalojaa Kimyakimya

Wazee wetu walisema: haba na haba hujaza kibaba. Sisi walimu twaipenda methali hiyo, kwa kuwa yawafundisha watoto kuweka akiba. Lakini leo twaitumia kwa jambo la huzuni. Uko ugonjwa unaojaza tumbo la mtu tone kwa tone, miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, na mwenyewe hana habari. Siku anapogutuka, tumbo limekwisha kuvimba, na majirani wamekwisha kunong'ona.

Ugonjwa huo ni kuvimba kwa figo kwa ajili ya mkojo usiopata njia nzuri ya kutoka. Aghalabu asili yake ni kasoro ndogo katika njia ya mkojo, ambayo mtu alizaliwa nayo. Mganga mmoja wa Ufaransa, jina lake Rayer, aliupa jina la hidronefrosi mwaka 1841. Jina hilo limetoka katika maneno mawili ya Kigiriki: moja maana yake maji, la pili maana yake figo.

Twapenda kueleza habari zake kwa sababu figo lililozibwa laweza kuokolewa likitambuliwa mapema, nalo hufa likiachwa. Tena tumbo linalovimba polepole limekwisha kutenganisha jamaa nyingi. Huyu amwambia yule, «umenilisha sumu». Mume amwambia mke, «unanificha mimba». Na huku hakuna aliyetenda ubaya wowote.

KAZI YA MAFIGO

Kila mtu ana mafigo mawili, nayo yamelala nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Umbo lake ni kama haragwe. Urefu wa figo la mtu mzima ni sentimeta 11 hivi, na uzito wake yapata gramu 150. Ni kitu kidogo, cha kuenea katika kiganja, lakini kazi yake ni ya kustaajabisha. Kila dakika damu zaidi ya lita moja hupita katika mafigo yetu ili isafishwe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Kwa siku moja, usiku na mchana, vichujio hivyo huchuja maji ya damu yapata lita 180.

Kama maji hayo yote yangetoka nje, tungekauka kama samaki wa kuanikwa. Lakini figo hurudisha mwilini karibu yote, na kutupa takataka pamoja na maji machache, lita moja na nusu hivi kwa siku. Hayo ndiyo mkojo.

Mkojo ukiisha kuchujwa, hukusanyika katika kibakuli kilicho katikati ya figo. Chafanana na kile chombo cha kumiminia mafuta ya taa katika chupa: juu kipana, chini chembamba. Kibakuli hicho hakichukui hata kijiko kimoja kikubwa. Mililita 5 mpaka 10 zatosha kukijaza. Chini yake huanza mrija mwembamba, wenye urefu wa sentimeta 25 mpaka 30, unaoshuka mpaka kibofu.

Wengi hufikiri kwamba mkojo huanguka tu katika mrija huo kama mvua katika mfereji wa paa. Sivyo. Ukuta wa mrija una misuli, nayo hujikaza na kulegea kwa zamu kutoka juu mpaka chini, kama koo la mtu anayemeza. Ndiyo maana mkojo wa mtu aliyelala kitandani wafika kibofuni sawasawa na wa mtu aliyesimama. Mrija husukuma kazi yake, hauongoji mteremko. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata.

KASORO ILIPO

Penye hatari ni pale kibakuli kinapoungana na mrija. Mtoto anapokuwa tumboni mwa mama yake, huenda kipande kile kifupi kisiumbike sawasawa. Pengine misuli yake ni michache, na mahali pake pamejaa nyuzi ngumu zisizoweza kusukuma kitu. Pengine njia yenyewe ni nyembamba mno. Pengine mrija umeungwa juu, ubavuni mwa kibakuli, badala ya kuungwa chini kabisa, hata mkojo hauwezi kutoka ila umejaa kwanza. Na pengine mshipa wa damu unaokwenda sehemu ya chini ya figo wapita mbele ya mrija na kuukunja, kama kamba inavyokunja mpira wa maji. Kasoro hii ya mshipa ndiyo inayoonekana mara nyingi kwa vijana na watu wazima.

Waganga wamekadiria kwamba kasoro ya mahali hapo humpata mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 mpaka 1,500 wanaozaliwa. Hupata wavulana kuliko wasichana, na figo la kushoto kuliko la kuume. Mara nyingine huandamana na kasoro nyingine, kama mafigo mawili yaliyoungana kwa chini na kufanya umbo la herufi U. Umbo hilo laonekana kwa mtu mmoja hivi katika kila 500, na wengi wao huishi mpaka uzee bila kuugua.

Hapa twataka kusema neno kwa wazazi. Kasoro hii si kosa la mtu. Mama hakuileta kwa chakula alichokula alipokuwa na mimba. Baba hakuileta kwa mwiko aliouvunja. Wala jicho la jirani halikuleta kitu. Ni kama mtoto anayezaliwa na kidole cha sita. Tofauti ni kwamba kidole cha sita chaonekana siku ile ile, na mkunga hukionyesha kwa wote. Lakini kasoro ya figo imefichwa ndani, na huenda ikakaa miaka mingi kabla ya kutoa habari.

KWA NINI HUCHUKUA MIAKA MINGI?

Mwanafunzi mwenye akili aweza kuuliza: «Kama njia imezibwa tangu kuzaliwa, mbona mtu yule hakufa angali mtoto?» Ni swali jema. Jibu ni kwamba njia haikuzibwa yote. Mlango ukifungwa kabisa, figo hupoteza kazi yake baada ya majuma machache. Lakini mlango ukibaki wazi kidogo, mkojo mwingine hupita na mwingine hubaki. Kibakuli hutanuka ili kuupokea ule unaobaki, na kwa kutanuka kwake hupunguza msukumo wa maji juu ya nyama ya figo. Basi figo laendelea kuchuja, na kibakuli chaendelea kutanuka, mwaka baada ya mwaka, kama puto linalopulizwa polepole.

Huku nyama ya figo, yenye vile vichujio, husukumwa pembeni na kukonda. Kwanza huwa kama ganda la chungwa, mwisho huwa kama karatasi. Figo la namna hiyo kwa nje ni kubwa kupita kiasi, na kwa ndani ni mfuko wa maji tu.

Lakini mgonjwa hasikii udhaifu. Kwa nini? Kwa kuwa figo la pili, likiwa zima, hukua na kuchukua kazi ya mawili. Mtu hulima, husoma, hucheza mpira, huoa, naye hajui kwamba anaishi kwa figo moja. Kwa wale wenye kasoro katika mafigo yote mawili habari ni nyingine: wao huishiwa na nguvu, damu yao hujaa takataka, na wasipotibiwa hufa.

Mwaka 1939 mganga aitwaye Stirling aliweka kipimo: figo la mtu mzima lenye lita moja ya maji au zaidi ndilo la kuitwa kubwa mno. Fikirini: mahali pa mililita 10 pamekaa lita nzima, yaani mara mia. Na lita moja ni mwanzo tu. Wako wagonjwa waliokutwa na zaidi ya lita 10, na figo limevuka katikati ya tumbo mpaka upande wa pili. Habari kubwa kuliko zote yatajwa na waganga mpaka leo: mwaka 1746, katika Uingereza, mganga aitwaye Glass alieleza ugonjwa wa mwanamke wa miaka 22, ambaye maji ya figo lake yalihesabiwa kuwa lita 115. Hayo ni karibu bidoni sita za lita 20. Zamani zile hapakuwa na mganga duniani aliyeweza kumwokoa. Leo wako.

DALILI ZAKE

Mtu wa kwanza kueleza vema maumivu ya ugonjwa huu alikuwa Józef Dietl, mganga wa mji wa Kraków katika Poland, mwaka 1864. Aliona wagonjwa wanaoshikwa ghafula na maumivu makali ubavuni, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Kisha, baada ya saa kadhaa, maumivu yakatoweka, na mgonjwa akakojoa sana. Dietl alidhani sababu ni figo linalotangatanga tumboni. Leo twajua kwamba aghalabu sababu ni mkojo uliozuiwa penye kiungo kile. Lakini jinsi alivyoeleza maumivu ni kweli tupu, na waganga wangali wakiyaita kwa jina lake.

Maumivu hayo yana desturi moja ya kukumbukwa: hupenda kuja mtu akiisha kunywa sana. Kijana ameketi arusini, amekunywa pombe ya ndizi, au hata maji matupu au chai nyingi. Mafigo yake yatengeneza mkojo mwingi kwa wakati mmoja; lile lenye mlango mwembamba lashindwa kuutoa; kibakuli chajaa kwa nguvu, naye aanguka kwa maumivu. Wenzake wasema, «Ametiliwa sumu katika kikombe.» Kesho yake amepona, nao wasema dawa ya kienyeji aliyonyweshwa usiku ndiyo iliyoitoa sumu. Kumbe maji yamepata njia yenyewe, na mwezi ujao au mwaka ujao mchezo utarudi. Kila mara unaporudi, nyama ya figo imepungua.

Ziko na dalili nyingine: uzito ubavuni usiokwisha; damu katika mkojo, hasa baada ya kuanguka au kupigwa kidogo tu; homa kali pamoja na maumivu ya ubavu na mkojo wenye usaha, kwa maana maji yaliyosimama huota uchafu kama kidimbwi; mawe ndani ya figo; na pengine shinikizo la damu kupanda kwa mtu ambaye angali kijana. Wengine hawana dalili hata moja, isipokuwa nguo za kiunoni zinazidi kuwabana.

TUMBO LINALODANGANYA

Figo lililojaa lita nyingi hudanganya watu wote, hata waganga wenye elimu. Kwa mwanamke lafanana na mimba, au na uvimbe wa maji wa kokwa la uzazi. Kwa mwanamume lafanana na ugonjwa wa ini unaojaza maji tumbo zima. Likiwa upande wa kushoto, lafanana na bandama lililovimba kwa malaria ya miaka mingi, jambo tulilolizoea katika nchi zetu. Mkono wa mganga wahisi kitu kikubwa kilicho laini, lakini mkono peke yake hauwezi kusema ni nini.

Hapo ndipo wengi huangamia. Tuseme ni mwanamke kijana, aliyeolewa miaka mitatu, hajazaa. Tumbo laanza kukua. Jamaa ya mume yafurahi. Miezi tisa yapita, kumi na miwili yapita, mtoto hatoki. Ndipo maneno huanza: amefungwa mtoto tumboni, amelogwa na mke wa kwanza, au yeye mwenyewe ndiye mlozi. Mbuzi watolewa, fedha zatolewa, chale zachanjwa ubavuni, na pengine bibi kizee mmoja afukuzwa kijijini kwa aibu. Huku figo lazidi kukonda. Ekografi moja tu, ya robo saa, ingemaliza maneno yote hayo.

Tuseme tena ni mwanamume. Yule anayempima afikiri ni maji ya ini, achukua sindano nene na kuyachota bila kutazama kwanza ndani. Maji yatoka, tumbo lapungua, wote wafurahi. Baada ya majuma machache lajaa tena, maana mlango haukutengenezwa. Na kama vidudu viliingia kwa njia ya sindano, maji safi yamegeuka usaha, nayo ni hatari ya kufa. Kwa hiyo mtu yeyote asikubali kutobolewa tumbo kabla haijajulikana maji yako katika kiungo gani.

Na tuseme wazi kwamba si kila figo lililovimba lilizaliwa na kasoro. Mawe yaweza kuziba mrija. Kichocho cha mkojo chaacha makovu katika njia ya mkojo. Uvimbe wa shingo ya tumbo la uzazi kwa akina mama, na tezi iliyo chini ya kibofu kwa wazee wanaume, huziba pia. Kazi ya kupambanua ni ya mganga. Kazi yetu ni kufika kwake.

JINSI WAGANGA WALIVYOIPATA NJIA

Zamani watu waliamini kwamba kumtoa mtu figo ni kumwua. Tarehe 2 Agosti 1869, katika mji wa Heidelberg huko Ujerumani, mpasuaji Gustav Simon alimwondolea figo moja mwanamke ambaye mrija wake ulikuwa umeharibika. Alikuwa ametangulia kujaribu kazi hiyo kwa mbwa. Mwanamke yule akapona, na dunia ikajua kwamba figo moja zima latosha.

Lakini kuondoa ni rahisi kuliko kutengeneza. Mwaka 1886 Mjerumani mwingine, Trendelenburg, alijaribu kulitengeneza figo lililozibwa, na mgonjwa wake akafa. Mwaka 1891 Ernst Küster alikutana na mvulana mwenye ugonjwa huo. Mvulana yule alikuwa na figo moja tu, hata kuliondoa kusingewezekana: ama litengenezwe, ama mtoto afe. Küster alikata mrija penye kasoro, akauunga upya na kibakuli cha figo, na mtoto akapona. Kazi ile ndiyo mama wa upasuaji unaotumika hata sasa.

Bado ilikuwa vigumu kuujua ugonjwa kabla ya kupasua. Mwaka 1929, katika mji wa Berlin, mganga kijana kutoka Marekani, Moses Swick, alionyesha dawa inayotiwa katika mshipa wa mkono, ikachujwa na mafigo, na kuonekana nyeupe katika picha ya eksrei. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kuona njia ya mkojo ya mtu aliye hai bila kumkata wala kumwingiza chombo.

Mwaka 1949 wapasuaji wawili wa mji wa Sheffield katika Uingereza, Anderson na Hynes, walieleza namna bora ya kuunga: kukikata na kukitupa kile kipande kibovu, kupunguza kibakuli kilichotanuka kupita kiasi, na kuushona mrija mahali pa chini, penye mteremko. Katika wagonjwa mia wanaofanyiwa hivyo, zaidi ya tisini hupata mema. Mwaka 1955 Goodwin, huko Marekani, alionyesha jinsi ya kupitisha mrija mwembamba katika ngozi ya mgongo mpaka ndani ya figo lililojaa, ili maji yatoke kabla ya upasuaji. Na tangu mwaka 1993 kazi ya Anderson na Hynes yaweza kufanywa kwa matundu madogo tu, kwa msaada wa kamera, pale penye vyombo na watu waliofundishwa.

MATIBABU YA LEO

Mgonjwa afikapo hospitali, jambo la kwanza ni ekografi. Mashine hiyo hutumia sauti isiyosikika kwa masikio. Haiumizi, haitoboi, wala haimdhuru mama mwenye mimba. Yaonyesha figo lililojaa maji kama doa jeusi, nayo yapatikana katika hospitali nyingi za miji yetu, kama Bukavu, Goma na Lubumbashi. Kisha hupimwa damu na mkojo, ili kujua mafigo yafanya kazi kiasi gani na kama kuna vidudu. Pengine hutakiwa picha za skana, zinazoonyesha mahali penyewe palipozibwa.

Figo likiwa kubwa sana, au likiwa na usaha, mganga hulitoa maji kwanza kwa mrija wa mgongoni, kwa utaratibu na uangalifu. Huu si mchezo wa kufanyiwa nyumbani. Maji mengi yakitoka yote mara moja, shinikizo la damu laweza kushuka ghafula. Tena figo lililofunguliwa pengine hutoa mkojo mwingi mno siku za kwanza, hata mgonjwa akahitaji kurudishiwa maji na chumvi. Baada ya majuma machache waganga hupima: je, figo hili lingali na uhai?

Likiwa na uhai wa kutosha, hutengenezwa kwa njia ya Anderson na Hynes. Ndani huachwa mrija laini wa plastiki kwa muda wa majuma manne mpaka sita hivi, ili mshono upone, kisha hutolewa. Hapa twawasihi wagonjwa: msikimbie kabla ya mrija huo kutolewa. Wako wanaojisikia wazima, hurudi kijijini, na kuusahau miezi na miaka. Nao huota mawe, huziba, na kuliua figo lililookolewa kwa fedha na taabu nyingi.

Figo likiwa limekwisha kufa, yaani halifanyi hata sehemu moja katika kumi ya kazi yote, na figo la pili ni zima, aghalabu waganga hushauri liondolewe. Kuliacha ni kuacha mfuko wa maji tumboni, wenye kuingiwa na usaha, wenye kutunga mawe, na wenye kupasuka kwa pigo dogo.

JE, FIGO MOJA LATOSHA?

Hofu kubwa ya jamaa ni hii: «Mtu wetu atawezaje kuishi akitolewa kiungo?» Tumetaja mwanamke wa Heidelberg. Tutaje na mwingine. Mwezi wa Desemba 1954, katika mji wa Boston huko Marekani, kijana mmoja alimpa pacha wake figo moja, na mganga Joseph Murray akaliunga katika mwili wa yule mgonjwa. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu. Kijana aliyetoa figo alikuwa mzima kabisa. Akaishi na figo moja tu miaka 56, mpaka mwaka 2010, alipofariki mwenye miaka 79.

Basi mwenye figo moja aweza kulima, kufundisha, kuoa na kuolewa, kuzaa na kulea. Yampasa tu kulitunza lile alilobaki nalo: kunywa maji ya kutosha, kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila mwaka, kutomeza vidonge vya maumivu ovyo, maana vingine huchoma mafigo, na kujihadhari na miti-shamba ambayo nguvu yake haijulikani. Tena kila mganga amjuaye amwambie: «Nina figo moja.»

YATUPASA KUFANYA NINI?

Wazazi, mtoto ambaye mara kwa mara alia kwa maumivu ya ubavu na kutapika, kisha acheza kana kwamba hakuna kitu, msimwite mdanganyifu. Mpelekeni akapimwe, ikiwezekana siku ile ile ya maumivu, kwa kuwa kibakuli kilichojaa chaonekana vema kuliko kilichokwisha kujimimina. Na mama mwenye mimba akiambiwa kwamba figo la mtoto limetanuka kidogo, asikate tamaa: wengi katika watoto hao hupona wenyewe bila kukatwa. Lakini mtoto huyo apelekwe tena kupimwa baada ya kuzaliwa, hata kama anyonya vizuri na kunenepa.

Walimu na wanafunzi, mkimwona mwenzenu anakojoa damu, asifiche kwa haya. Mficha maradhi, kilio humwumbua. Na ninyi vijana mnaoshikwa na maumivu ubavuni kila mnywapo sana, msitafute aliyewatilia kitu kikombeni, tafuteni ekografi. Mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka asingoje hata kesho: figo lenye usaha hufisha upesi.

Nanyi wazee wa jamaa, ambao neno lenu husikiwa, mna kazi kubwa kuliko wote. Tumbo la mtu wenu likivimba, msikubali jina la mlozi litajwe barazani kabla jina la ugonjwa halijatajwa na mganga. Fedha ya mbuzi wawili iliyokusudiwa kwa mpiga ramli yaweza kulipa safari ya mjini na kipimo. Ukweli ukiisha kuonekana katika picha, yule bibi kizee atabaki na heshima yake, yule mke atabaki nyumbani mwake, na figo lile, kama halijachelewa, litarudi kazini.